Ghorofa Nne, Mdundo Mmoja

Saa moja na dakika hamsini asubuhi, fundi mwashi wa chumba namba kumi na nne alikuwa amekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa katikati ya ua, simu ya marehemu mkewe mkononi, akisubiri watoto wa ghorofa ya pili wamalize kupiga mswaki. Walipokwisha kutema maji na kuanza kukimbizana kwenye kibaraza, jengo likakohoa mara moja, kama lilivyokohoa kila asubuhi, na vumbi la lipu likamwagika kutoka kona ya juu kushoto. Fundi akagusa kioo. Ngoma ikaanza. Umbo la kwanza likashuka.

Mchezo wenyewe haukuwa na siri. Maumbo yalishuka kutoka juu ya kioo, moja moja, na kila moja lilikuja na sauti yake. Ukiliweka mahali pake pigo la ngoma linapolia, lilishika. Ukiwahi au ukichelewa, lilikaa upande na kuacha upenyo. Mstari ukijaa, uliyeyuka, na wimbo ukaongezewa ala: ngoma kwanza, halafu zeze, halafu filimbi. Kila ala iliyoingia iliongeza kasi. Maumbo yakirundikana mpaka juu, wimbo ulikatika.

Fundi hakuvuka darasa la tatu, na maneno yaliyoandikwa kwenye mchezo hayakumhusu. Maumbo aliyapa majina ya kazini. Lile la mraba aliliita tofali, lile refu mtambaapanya, kama ubao unaolazwa juu ya ukuta kubeba paa, lililokunjwa pembe, lenye mguu katikati nanga. Yale mawili yaliyopinda huku na huku aliyaita ngazi ya kulia na ngazi ya kushoto.

Jengo lilikuwa la Idara ya serikali, ghorofa nne, na Fundi alikuwa mmoja wa waliolijenga tangu msingi. Alikumbuka vizuri. Mfuko mmoja wa saruji kwa toroli kumi na nne za mchanga. Nondo zilishushwa asubuhi mbele ya wakubwa waliokuja kupiga picha, na jioni zikapakiwa tena kwenye lori lilelile. Alipouliza, msimamizi alimwambia, "Koroga, mzee. Kwani unajenga kaburi la mfalme?" Akakoroga. Mkono uliokoroga ulikuwa wake, na mdomo uliosema koroga ulikuwa wa mwingine, lakini ukuta hauna kawaida ya kuuliza mdomo.

Mkewe alikuwa dobi. Siku moja, akiwa na karai la nguo za watu kichwani, ngazi ya saba kati ya ghorofa ya pili na ya tatu iliondoka chini ya mguu wake. Idara ilituma barua. Binti wa Fundi, ambaye ni mshonaji, alimsomea: marehemu alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na ngazi. Alimsomea mara mbili. Mara ya pili Fundi alisema basi, inatosha, nimeelewa, wakubwa wamesema kweli. Pale hapakuwa na ngazi.

Simu ilibaki. Alipoifungua kutafuta picha, aliukuta mchezo uko palepale mkewe alipouachia, hatua ya kumi na tisa. Akajaribu. Mstari wa kwanza ulipoyeyuka, ufa wa ukuta wa chumbani, ambao kidole chake kilikuwa kinaingia mpaka kifundo cha pili, ulifumba na kutema mende mmoja. Fundi akacheza mstari wa pili. Kutoka chini akasikia sauti ya jirani yake, mwanamke aliyeitwa Mama Pacha kwa sababu ya mapacha wake.

"Fundi! Sijui unafanya nini huko juu, ila endelea nacho. Mlango wangu umeanza kufunga."

Ndivyo ilivyojulikana kwamba mchezo ndio unaolishika jengo. Hakuna aliyefanya kikao. Waligundua wenyewe kwamba usiku jengo halikuhitaji kuchezewa, kwa maana watu wakilala, nalo lililala. Lakini kuanzia watu wanapoanza kutembea mpaka wanapovua viatu, ilibidi mtu acheze, na acheze kwa mdundo. Fundi alishika zamu ndefu, bintiye akashika ya mchana. Mwanzoni Fundi alikosea kosa la kazi yake: aliacha nafasi ya mlango. Mwashi hawezi kupandisha ukuta mzima bila kufikiria watu watapitia wapi, mkono wenyewe unakataa. Asubuhi yake jikoni kwa Mama Pacha kulikuwa na tundu la mlango, limeingia moja kwa moja chumbani kwa kinyozi asiyeoa. Mama Pacha akatundika pazia. Kinyozi, kwa adabu, akawa anabisha hodi kwenye pazia.

Barua kumi na moja zilipelekwa Idara. Ya kumi na mbili ilijibiwa: mkaguzi atafika Alhamisi, saa nne kamili asubuhi.

Hapo sasa walikaa uani wakapanga. Shauri lilikuwa jepesi. Watu wote watoke nje, mkaguzi asimame uani na karatasi zake, halafu Fundi aweke simu chini.

"Na likianguka kweli?" aliuliza kinyozi.

"Ndicho tunachotaka," alisema Fundi. "Lianguke mbele ya mtu mwenye kalamu. Mke wangu aliangukia mbele ya wafua nguo, ndiyo maana kwa Idara hakuanguka."

Kilichobaki ni Tarishi. Tarishi alikuwa mzee wa chumba namba kumi na sita, ghorofa ya tatu, aliyewahi kuwa mpeleka barua wa Idara kwa miaka thelathini na moja mpaka miguu ikavimba ikamkatalia. Hakuwa ameshuka ngazi tangu mwaka uliopita. Wanaume wanne wangembeba na kiti chake.

"Saa ngapi tumbebe?" aliuliza Mama Pacha. "Barua imesema saa nne. Saa nne ya Idara ni saa saba."

"Saa nane!" Tarishi alisahihisha kutoka dirishani juu. "Nawajua wale, nimewapikia chai. Saa nne wanatafuta ufunguo wa gari. Saa tano wanatafuta dereva. Saa sita dereva anawatafuta wao. Njooni mnichukue saa tano na nusu, nitakuwa nimeshanyolewa. Siendi kuonwa na Idara na ndevu za mgonjwa."

Wakacheka, wakakubaliana. Katika jengo zima hapakuwa na mtu aliyewahi kumwona ofisa anawahi, na jambo ambalo hujaliona huliwekei akiba.

Alhamisi, saa nne kamili, gari la Idara likasimama getini.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye mkoba, na nyuma yake wasaidizi wawili, mmoja na futi ya kupimia, mwingine na nyundo ndogo ya kugongea nguzo. Hakusalimia. Alitazama saa yake, akatazama jengo, akapanda ngazi mbili mbili kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Wakati huo mapacha walikuwa kwenye beseni wanaogeshwa, vyombo vya watu vilikuwa ndani, na binti wa Fundi alikuwa chumba namba kumi na sita, wembe mkononi, amemnyoa Tarishi shavu moja.

Fundi alikuwa hatua ya thelathini na mbili. Kidole chake, ambacho kwa siku tatu kilikuwa kinafikiria namna ya kuacha, hakikuweza tena kuacha.

Kisha nyundo ikaanza. Msaidizi alikuwa anagonga nguzo moja baada ya nyingine, ko, ko, na hakuwa na mdundo hata wa kusingizia. Kila pigo la nyundo lilishuka ukutani, likatambaa chini ya ua, likapanda kwenye miguu ya Fundi na kugongana na ngoma ya simu. Pembe ikakaa upande. Kamba ya kuanikia ghorofa ya nne ikalegea, nguo zikashuka zikagusa kibaraza cha ghorofa ya tatu. Fundi akaacha kusikiliza kwa masikio, akaweka simu kwenye taya ili aisikie kwa mfupa, akawa anatazama kioo kwa jicho la pembeni. Filimbi ikaingia. Hatua ya thelathini na nane.

Hapo ndipo lilipomjia. Jengo lote asingeweza kuliachia, lakini mahali pamoja angeweza. Safu ya mwisho kulia kwenye kioo ilikuwa ukuta wa ngazi, na mkaguzi alikuwa amesimama hapohapo, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, anaandika. Fundi akafanya kwa kusudi kosa alilokuwa ameshalirekebisha. Aliacha nafasi, urefu wa mistari mitatu. Ukuta ukafunguka begani kwa mkaguzi, ufa wa upana wa kiganja, taratibu, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema.

Mkaguzi aliutazama. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa, akakung'uta mkono wa shati, akaweka jicho kwenye ufa. Akamwona Fundi uani, juu ya ndoo, simu tayani. Wakatazamana kwa muda wa mapigo manne. Mkaguzi akachukua kalamu, akaandika, na msaidizi akarudia kwa sauti kama walivyozoea: "Uingizaji hewa, ngazi ya pili. Wa kuridhisha."

Fundi hakupata nafasi ya kutukana. Ule upenyo ulihitaji mtambaapanya kuuziba, na mtambaapanya haukuja. Lilikuja tofali, likaja tofali lingine, ikaja nanga, zikaja ngazi mbili za kushoto zimefuatana. Rundo likapanda. Jengo likaanza kuinama upande wa barabarani, pole pole, bila kelele. Beseni la mapacha likateleza mpaka mlangoni, maji yakatangulia. Kwa kinyozi vioo vyote viliacha ukuta vikaning'inia hewani. Kitanda cha Tarishi, chenye magurudumu ya hospitali, kikaondoka dirishani kikavuka chumba kizima, binti wa Fundi akikifuata na wembe juu.

"Fundi!" Tarishi aliita. "Mtambaapanya bado?"

"Bado, mzee."

"Haya. Basi nasubiri huku."

"Baba," bintiye naye akaita, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko ilivyopaswa kuwa, "baba, usiharakishe."

Hakuharakisha. Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Safu mbili tu zilibaki juu ya kioo. Mtambaapanya ukachungulia. Akausimamisha wima, akausogeza mpaka ukingoni kulia, akaushika pale, na ngoma ikalia akaiacha ipite, kwa sababu nyundo ilikuwa juu hewani na ingeshuka vibaya. Jasho likadondoka kwenye kioo, akalipangusa kwa pua. Ko, ikasema nyundo. Dum, ikasema ngoma. Akauachia.

Mistari minne ikayeyuka kwa pamoja. Jengo likanyooka kama mtu aliyekumbuka kwamba anatazamwa. Kitanda kikarudi dirishani, beseni likarudi jikoni bila maji, na nguo kwenye kamba zikapanda zote kwenye ghorofa yao, isipokuwa soksi moja.

Robo saa baadaye mkaguzi alishuka, akasimama kwenye kivuli cha geti, akasoma kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wameshakusanyika, wote isipokuwa Tarishi, aliyekuwa bado juu. Nguzo, sawa. Ngazi, zipo. Hewa, ya kuridhisha. Jengo ni imara.

"Imara kama nani?" aliuliza Mama Pacha, pacha mmoja mgongoni, mwingine mkononi, wote na povu.

"Kama ilivyoandikwa, mama."

Watu wakaguna, wakaanza kurudi ndani, maana jua lilikuwa kali na hapakuwa na kwingine pa kwenda. Fundi akamkabidhi bintiye simu katikati ya wimbo, kidole kwa kidole, bila kupoteza pigo. Akamfuata mkaguzi mpaka kwenye gari. Alikuwa amepanga maneno tangu siku ya mazishi, lakini mkaguzi ndiye aliyeanza.

"Ile ilikuwa hatua ya ngapi?"

Fundi akamtazama. "Thelathini na nane."

"Na umeacha mistari mitatu wazi ukazibia mwisho. Mimi nisingethubutu." Mkaguzi akashusha sauti. "Kule kwetu Idarani ni ghorofa sita. Mkandarasi yuleyule, mchanga uleule. Nacheza mimi, tangu mwaka juzi. Leo nimemwachia karani mpya, na akifika hatua ya ishirini anababaika. Ndiyo maana nimewahi. Niwie radhi kwa kuwahi."

"Kumbe unajua."

"Najua."

"Na umeandika imara."

Mkaguzi akafungua mkoba, akamwonyesha fomu, akamsomea kwa kidole kama mtu anayemsomea mtoto, lakini bila dharau. "Ina visanduku viwili tu, Fundi. Imara, na Limeanguka. Wewe niambie mwenyewe. Limeanguka?"

Fundi akageuka akalitazama. Kinyozi alikuwa anabisha hodi kwenye pazia kurudisha sabuni iliyoteleza mpaka kwake.

"Bado," akasema.

"Basi."

Fundi alikuwa na la kujibu, lakini simu ya mkaguzi ikalia. Mkaguzi akaipokea, akaiweka kwenye sauti kubwa, akailaza juu ya mkoba.

"Bosi, zeze limeingia," ilisema sauti ya karani. "Yanakuja haraka mno. Makabati ya mafaili yametoka ukutani. Kuna hili limekunjwa, sijui nilielekeze wapi, bosi, rundo limefika nusu."

Mkaguzi akageuka. Akamtazama Fundi.

Nyuma ya sauti ya karani Fundi aliusikia wimbo wenyewe, na bila kutaka akawa anahesabu mapigo. Moja, mbili. Ghorofa ya tano ya jengo lile alikuwamo mtu aliyeandika kwamba marehemu alikanyaga mahali ambapo hapakuwa na ngazi. Tatu, nne. Labda alikuwa kwenye kiti chake sasa hivi, kiti kinasogea chenyewe kuelekea dirishani, na yeye anakikumbatia. Tano. Fundi aliliona hilo vizuri sana na hakulichukia. Sita. Lakini alikuwa mwashi, na mwashi anajua ghorofa linavyoshuka. Sakafu ya juu hutua juu ya ile ya chini yake, na hiyo juu ya nyingine. Wa ghorofa ya tano wangefika chini wakiwa juu ya wenzao, na chini kabisa, kwenye mabenchi ya mapokezi, walikaa watu waliodamka alfajiri na barua zao mkononi, wakisubiri kuitwa. Saba.

"Hiyo inaitwa pembe," alisema. "Mwambie ailaze kushoto, mdomo chini."

"Ilaze kushoto, mdomo chini," mkaguzi akarudia.

"Asiweke sasa. Anawahi, namsikia anavyowahi. Aache ngoma ipite. Aache. Mwambie asishike pumzi. Sasa."

Upande wa pili kukasikika mlio mdogo wa mstari unaoyeyuka, na kishindo cha makabati yakirudi mahali pake, moja, mawili, matatu. Mtu mmoja kule, mbali na simu, akauliza kama chai imekwisha.

Mkaguzi akapangusa uso kwa tai. Alimshukuru Fundi mara mbili, kwa mikono yote miwili. Kisha akasema kuna jambo dogo limebaki: fomu inataka shahidi, mkazi mmoja, kuthibitisha kwamba ukaguzi umefanyika.

"Nikiweka shahidi nitakuwa nimekubali?"

"Utakuwa umesema ulikuwepo. Basi."

Fundi akafikiri. Akaona kwamba kuwepo alikuwepo, na kwamba angependa liandikwe mahali. Kwa kuwa hakuwa na saini, msaidizi alileta kidau cha wino. Fundi akachovya dole gumba la kulia, akaligandamiza kwenye karatasi. Likaacha doa jeusi tupu, laini kama kigae, halina mstari hata mmoja. Wakajaribu la kushoto. Doa. Mistari yote ya vidole ilikuwa imekwishia kwenye kioo. Wakajaribu kidole cha shahada, wakarudia, karatasi ikawa na madoa matano.

Mkaguzi akatazama saa yake. Akayakata madoa yote matano kwa kalamu, akaandika pembeni, na msaidizi akarudia kwa sauti:

"Shahidi hakuwepo."

Gari likaondoka. Kutoka uani bintiye akaita kwamba filimbi imeingia na shingo inamuuma. Fundi akapangusa vidole kwenye suruali, akaenda kupokea zamu.